Mgeni wa Tendeguu

Bi Siwatu alikuja Keko na kitanda juu ya guta,
kitanda changu, nakijua kama mtoto wa kuzaa:
mninga, sita kwa sita, ubao wa kichwani una ua
nililolichonga mwaka pacha wangu walipoota meno.
Miaka tisa. Akaniwekea tendeguu mbele ya pua:
tundu moja, duara lililolala ubavu,
kingo safi, kama kazi ya fundi asiyekosea.
"Pazi," akasema, "uliniuzia kitanda au mzinga?"

Na ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, yeye:
urefu wa kokwa ya tende,
mgongo wa kijani unaogeuka shaba ukiizungusha chupa,
miguu ameikunja kifuani. Maiti.

Karakana nzima ikamwaga majina.
Dumuzi huyo. Dumuzi yuko kwenye mahindi, wewe!
Fukusi. Fukusi gani amevaa hivi?
Nzi wa chooni aliyepata pesa.
"Kikulacho ki kitandani mwako," akatupia mmoja, nikamkata jicho.
"Kifaurongo," akasema kijana wa msasa, taratibu,
na maiti akaanza kutembea.

Nikampeleka Mlimani kwa Dokta Kokushubila.
"Tunaanza na papasi," akanisogezea hadubini.
Nikahesabu: pingili kumi na moja,
nyingi zina jino, jino baada ya jino,
msumeno wangu wa mkono baada ya kupigwa tupa.
Nikacheka peke yangu.
"Sasa tumbo. Vipande viwili vya mwanzo?"
Vimeungana. Nikautafuta mwungo kwa jicho la miaka thelathini:
gundi hakuna, ulimi hakuna, msumari hakuna,
mwungo ambao mimi ningeufanya mara moja
na kuusimulia hadi kaburini.
"Basi familia tumeipata," akasema.

"Na hii vanishi?"
"Hakuna vanishi. Hata rangi, karibu hakuna.
Ni tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno;
mwanga ukiingia huko hutoka kijani."
Nikayakumbuka makopo yangu, na brashi zilizokauka.

Kitabu chake kazi yake ni kuuliza tu.
Mgongo una mifereji? Nenda saba.
Hauna? Nenda kumi na mbili.
Ncha ya bawa ina miiba?
Kidogo.
Kidogo si jibu, Pazi. Rudi tano.
Tukaenda, tukarudi, mpaka adhana ya alasiri.
Jenasi akaiandika kwa penseli.
Kwenye spishi akavua miwani.
"Mguu wa nyuma umevunjika,
na wa kumlinganisha naye sina. Mbao ilitoka wapi?"

Hapo nikakwama.
Ngeli ninazozijua mimi ni za shuleni:
mti ni u-i, mdudu ni a-wa;
huyu aliingia kwenye u akiwa yai
na miaka yote hiyo akawa anaitafuna njia ya kwenda a.
Gogo lilitoka Rufiji. Au Tabora. Dalali aliapa kote kuwili.
Nililipasua, nikaliranda, nikalipiga msasa,
na randa ikapita juu ya kichwa chake
kwa unene wa kucha.

Nilimfuata Bi Siwatu Tabata, pesa zake mfukoni.
Hakuzigusa.
"Tangu Mwinshehe afariki," akasema,
"usiku nasikia kru, kru, upande wake.
Nilidhani ni kichwa changu.
Wewe niambie tu, alikuwa nani?"

Nikamsomea lebo, kipande cha karatasi
kidogo kuliko ukucha wa dole gumba:
Dar es Salaam, Tabata. Ndani ya tendeguu la mninga.
Mkusanyaji: Siwatu Mwalami.
Spishi, halafu mahali peupe.

Akaniomba nirudie jina la mkusanyaji.
Nilipotoa futi na nta nizibe lile tundu
akaweka kiganja juu yake.
"Hilo liache."